Walinikatalia udongo wangu kaunta, nawapa nyota nne na nusu

Siku ya kwanza kwenye hii maabara ya kupima udongo na maji nilitoka nimenuna. Nimebeba mfuko wa udongo tangu alfajiri, nimekaa foleni, nafika kaunta, dada wa mapokezi kaupokea, kachungulia ndani, kaugeuza akasoma maandishi ya ubavuni halafu akaniuliza kwa upole tu, "Kaka, huu mfuko ulikua na mbolea?" Nikamwambia ndio lakini nimeukung'uta vizuri. Akaufunga akanirudishia. Hakuchukua udongo, hakuchukua hela, kanipa karatasi moja yenye maelekezo na vifuko viwili vipya akaniambia karibu tena. Nikaona dharau hiyo, mtu nimetoka mbali hivi ananirudisha kisa mfuko!

Sasa ngoja niwaambie kwanini leo naandika kuwasifia.

Kabla yao nilishawahi kupima kwingine, sitaji ni wapi. Kule walipokea fasta, hakuna aliyeuliza nimechota wapi wala lini wala kwa kutumia nini, wakabandika namba wakanambia njoo baada ya wiki mbili. Nikaona hii ndo huduma. Majibu yakaja fosforasi (kile kirutubisho kilichomo kwenye mbolea ya kupandia) iko juu mno, nikafurahi, nikaacha kabisa mbolea ya kupandia misimu miwili. Mazao yakadumaa, majani ya chini yakawa na rangi ya zambarau, mimi nalaumu mbegu tu, mara mvua, mara aliyeniuzia mbegu. Hata siku moja sikufikiria mfuko. Na ule udongo nilioupeleka kule nilikua nimeubeba kwenye mfuko wa aina ileile, wa mbolea, maana nyumbani si ndo mifuko imara tuliyonayo.

Yule dada alinipigia hesabu palepale nikiwa nimekunja sura. Fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia inapimwa kwa miligramu kwenye kilo nzima ya udongo, yaani tofauti ya shamba lenye njaa na shamba lililoshiba inaweza kua miligramu kumi au ishirini tu. Punje mbili za mbolea ya kupandia zikijificha kwenye kona ya mfuko wenye nusu kilo ya udongo zinatosha kulifanya shamba maskini lionekane tajiri. Mashine haitajua, itapima ilichopewa na itatoa namba safi kabisa yenye desimali zake, na mtu utaiamini kwasababu imetoka kwenye mashine.

Kingine kilichonikalia kichwani ni hiki. Kupima pH (uchachu wa udongo) wanachukua gramu 10 za udongo wanachanganya na mililita 25 za maji, vipimo vingine ni gramu moja au chini ya hapo. Lakini hekta moja ukichukua kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2,000 za udongo, uzito wake unapita tani 2,000. Gramu kumi zisemee tani elfu mbili! Hapo ndo nikaelewa kazi kubwa haiko kwenye mashine, iko kwenye safari ya kutoka tani hadi gramu, na nusu ya hiyo safari naifanya mimi na jembe langu.

Basi nikarudi shamba na karatasi yao. Imeandikwa Kiswahili cha kueleweka, hapo nawapa pongezi. Unatembea kwa zigizaga, unachota sehemu 15 hadi 20 kina kilekile, unaruka njia ya kupitia, kichuguu, chini ya mti, palipochomwa taka na pale mlipolundika samadi (mimi mwanzo nilichota karibu na lundo la samadi kwasababu udongo wa pale ni laini kuchimba, mnaona wenyewe). Vyote vinaingia kwenye ndoo ya plastiki iliyo safi, sio ndoo ya bati, maana ile imepakwa zinki na zinki nayo wanaipima. Unavunjavunja mabonge, unachanganya, unautandaza uwe duara, unagawa robo nne, unatupa robo mbili zinazotazamana, unachanganya tena, hivyohivyo hadi ubaki na nusu kilo. Lebo unaandika kwa penseli. Nilicheka kidogo hapo kwenye penseli ila ni kweli, wino ukikutana na udongo mbichi unachuruzika na unyevu ukiingia unabaki na doa la bluu, penseli haiendi popote. Na lebo moja nje, nyingine kati ya mfuko wa ndani na wa nje.

Safari ya pili nikaona niunganishe na maji ya kisima. Kumbe maji nayo yana mambo yake, na hapa ndo nilikaribia kuharibu tena. Walinipa chupa zao mbili, hawapokei chupa ya soda hata uwe umeichemsha. Ya kwanza ni ya vijidudu, imeshauliwa vijidudu kiwandani na ndani ina ungaunga mweupe kidogo, mimi mkono ulishaenda kwenye bomba niisuuze nikijua ni uchafu, kijana wa pale akanidaka. Ule unga ni thiosulfati, kazi yake ni kuzima klorini kama maji yana dawa, maana klorini ikiendelea kuua vijidudu njiani majibu yatasema maji safi wakati pengine sivyo. Maji ya kisima changu hayana klorini ila chupa wanatoa hiyohiyo kwa wote, haidhuru kitu. Unafungulia bomba dakika mbili tatu maji yaliyolala kwenye mpira yatoke, unajaza bila kugusa mdomo wa chupa na unaacha nafasi juu ili waweze kuitikisa. Ya pili ni ya madini kama risasi na chuma, wao wenyewe wanaweka asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, bila hivyo madini yananata kwenye kuta za chupa na wewe unapimiwa maji yaliyobaki.

Ile ya vijidudu inakaa kwenye boksi la barafu, gizani, na inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 24. Ikikaa kwenye joto vijidudu vinazaana au vinakufa, vyovyote vile majibu sio ya kisima chako tena. Nilipofika dada alifungua boksi, akaweka kipimajoto, akasoma, akaandika na saa aliyosoma. Halafu akaanza kulinganisha lebo na fomu moja baada ya nyingine kwa kidole, kama mwalimu anaita majina. Kwenye fomu nimeandika "shamba la chini", kwenye mfuko nimeandika "bondeni". Mi najua ni palepale. Yeye hajui na hakutaka kukisia, akanisimamisha nirekebishe kwa mkono wangu na niweke sahihi. Foleni nyuma yangu inaguna. Miaka miwili nyuma ningekua mimi ndo naguna.

Baada ya hapo sampuli inapewa namba yao na jina langu linabaki kaunta, anayepima hajui ni udongo wa nani. Chumba cha kuandalia kina dirisha la kioo pembeni ya benchi la kusubiria, sijui kama waliliweka makusudi ila nilikaa pale kama naangalia mpira. Udongo unatandazwa kwenye trei, unakauka kwa hewa yenye joto lisilozidi nyuzi 40, hawaupiki kwenye oveni kali maana joto kubwa linabadilisha baadhi ya vitu, potasiamu kwa mfano. Na hawaachi ukae mbichi kwenye nailoni kwasababu vijidudu vya udongo vinaendelea kula na kugeuza naitrojeni humohumo mfukoni. Ukishakauka wanatoa mizizi, wanaponda kwa kinu taratibu wavunje mabonge sio mawe, wanachekecha kwenye chekeche la milimita 2. Kinachobaki juu kama ni kokoto wanakipima uzito na kukiandika, hawakisagi kukiongezea.

Kilichonifurahisha zaidi ni jamaa mmoja na brashi. Kila akimaliza sampuli moja anapiga brashi chekeche, anapuliza kwa hewa, anafuta kinu, anafuta meza, ndo anachukua inayofuata. Nilihesabu, kufuta kulimchukua muda karibu sawa na kuchekecha. Hakuna bosi pale, hakuna anayemwangalia zaidi yangu mimi kwenye kioo na hakuniona. Vumbi la sampuli ya jirani likiingia kwenye yangu nani angejua? Na hicho chumba wamekitenga kabisa na kile cha mashine, sababu ndo hiyohiyo ya vumbi.

Nilimuuliza kijana wa mapokezi mtajuaje kama mmekosea nyie wenyewe, akanambia kila kundi la sampuli wanachomekea udongo wao ambao majibu yake wanayajua tayari, wanarudia baadhi ya sampuli mara mbili, na wanapitisha moja tupu isiyo na udongo kabisa. Ile tupu ikionyesha kitu wanasimamisha kazi. Ukutani wana cheti cha ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara) na chini yake wameandika ni vipimo gani vinahusika, hili muangalie popote mnapoenda kwasababu ithibati inatolewa kwa kipimo husika, mtu anaweza kua na cheti cha maji akakupimia udongo bila.

Majibu ya safari hii: fosforasi iko chini. Sio kidogo, chini kabisa. Majani ya zambarau ni dalili ya njaa ya fosforasi, yalikua yananiambia ukweli muda wote. Kisima kiko salama ila chuma kimezidi kidogo, ndo maana nguo nyeupe zinakua na rangi ya kutu.

Sasa nusu nyota niliyowanyima. Sampuli za maji ya vijidudu hawapokei Alhamisi mchana wala Ijumaa, kwasababu vijidudu vinaoteshwa siku moja hadi mbili na wikiendi hakuna mtu wa kusoma. Sababu naielewa kabisa ila haijaandikwa popote, sio kwenye ile karatasi nzuri, sio mlangoni, na simu yao inaita tu. Mama mmoja alikuja Ijumaa na boksi lake la barafu kafanya kila kitu sawasawa kuliko hata mimi, akarudishwa. Bango moja tu la karatasi mlangoni jamani. Na herufi za fomu ni ndogo mno, nilimsomea mzee mmoja ukurasa mzima.

Wakibandika hilo bango nitarudi hapa kuweka hiyo nusu iliyobaki.