Kuhamisha kanda za kamera ya zamani kwenda kwenye kompyuta: kipi ununue, kipi achana nacho

Kabla hujatoa hela angalia kanda yenyewe, maana wengi wananunua kidude cha USB afu ndo wanagundua hawakukihitaji. Kama imeandikwa MiniDV basi picha ilirekodiwa kidijitali tangu siku ileile ya harusi, wewe unaihamisha tu. Video8, Hi8 na VHS-C ni analogi, hizo lazima kitu kizibadilishe.

Namba moja ni FireWire, yaani waya wa kupitisha video ya kidijitali kutoka kwenye kamera hadi kompyuta, kwa wenye MiniDV sioni mshindani. Kamera ina tundu dogo limeandikwa DV au i.LINK, unatafuta waya wake na kadi ya FireWire ya kuchomeka ndani ya deskitopu, programu ya WinDV ni ya bure, na saa moja ya kanda inakula kama GB 13 hivyo andaa nafasi. Wale wanaouza kiwaya cha kugeuza FireWire kuwa USB wapite tu, ile ni plagi, haibadilishi kitu. Tundu la USB la kwenye kamera nalo mara nyingi ni la picha za mnato, video ikipita inatoka hafifu. Wenye Mac tafuteni ya zamani kidogo, mfumo wao wa macOS Tahoe wa 2025 umeshaiondoa FireWire.

Pili, kwa wenye Hi8, kamera ya mtumba ya Sony Digital8. Baadhi zinacheza Hi8 na kuitoa kidijitali kwa waya huohuo wa FireWire, ila sio zote, kwa hiyo mwambie muuzaji aweke kanda ya Hi8 uone ikicheza ndo ulipe. Na ukisikia mtu ana adapta ya kuingiza Hi8 kwenye deki ya VHS, kimbia bana, haipo, upana wa mkanda ni tofauti kabisa. Adapta ipo ya VHS-C.

Tatu, vidude vya USB vya kubadilisha analogi kuwa dijitali, vile vya maana kama GV-USB2 ya I-O Data au Elgato Video Capture. Kamera ikiwa na tundu la S-Video tumia hilo badala ya ule waya wa njano, rangi zinatulia. Halafu mfumo wa picha, unauchagua kwenye programu: kanda zilizorekodiwa Bongo au Kenya kwa kawaida ni PAL, lakini ile kamera aliyokuja nayo mjomba kutoka Marekani ni NTSC, ukichagua vibaya picha inaruka au inakosa rangi.

Nne, boksi lenye kiskrini linalorekodi kwenye memori kadi. Rahisi, hata bibi anaweza, ila picha linaibana sana, ubora unashuka.

Mkiani kabisa EasyCap, vidude vya USB vya bei chee, feki kibao, sauti inaachana na midomo.

Ila ukweli ni kwamba kamera au deki inayocheza vizuri ina maana kuliko hivyo vyote, na kanda ikiwa na madoa meupe ya ukungu, sisi wa Pwani tunayajua, usiithubutu kuicheza, itachafua hedi, ile sehemu inayosoma mkanda, na kanda zinazofuata. Mpe fundi.

Kanda zikiwa tatu nne peleka studio, wadai faili na sio DVD. Zikiwa boksi zima nunua kamera, ukimaliza unaiuza, inayocheza vizuri haikosi mteja.