Saiba ya Lanet wanaojua mambo ya reti za ploti

Kama uko Lanet, Pipeline ama Free Area hapa Nakuru na zile barua za reti, yaani kodi ya ploti ya kila mwaka, zinakusumbua kichwa, kuna saiba ndogo (duka la intaneti) hapa stejini na kijana wake anajua hii kazi kabisa, mi nampa nyota tano. Halipii tu, anakuelezea. Alichukua notisi yangu akaweka kidole kwa kila mstari, hii ni reti ya mwaka huu, hii ni deni la nyuma, hii ni faini ya kuchelewa, halafu akaniambia hesabu inatoka kwa thamani iliyoandikwa kwa kitabu cha tathmini cha kaunti, si ile bei jirani aliuzia ploti yake juzi, na mara nyingi ni thamani ya ardhi yenyewe bila nyumba.

Kitu wengi wanachanganya ni hiki: reti ni ya kaunti, Katiba ya 2010 ndio iliwapa hiyo nguvu, lakini renti ya ardhi inaenda serikali kuu na analipa mwenye lisi, yaani ardhi uliyopewa kwa miaka fulani tu, ukiwa na frihodi, ardhi yako isiyo na kikomo cha miaka, haikuhusu. Kuna watu hapa mtaani wamelipa moja wakidhani wamemaliza zote! Na bila cheti cha kaunti cha kuonyesha huna deni, kuhamisha ploti kwa jina la mtu mwingine ni shida tupu, kwa hivyo risiti usitupe.

Shida ni viti viwili tu na Jumamosi panajaa. Enda asubuhi, beba kopi ya hatimiliki.