Hotuba za Nobel za 1990: bure kabisa, na zinajibu swali la darasani

Walimu wenzangu wa fizikia, mkiwa na bando kidogo lililobaki, litumieni kwenye tovuti ya Tuzo ya Nobel. Huombwi nenosiri, hulipi hata senti, na hotuba za washindi unazipakua kama PDF. Mimi nilifuata za mwaka 1990: Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor, washindi wa fizikia.

Kila mwaka kidato cha sita wananiuliza: "Mwalimu, hizo kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni, nani kaziona?" Kitabu tunachofundishia kinazitaja kwa sentensi moja na kupita. Hawa watatu wanalijibu swali lenyewe, hatua kwa hatua.

Taylor anasimulia miaka ya mwanzo. Kichapuzi cha Stanford, Marekani, mashine ya kuongeza kasi ya chembe yenye urefu kama wa kilomita tatu, kilisukuma elektroni hadi nishati ya elektronivolti bilioni 20 zikapige haidrojeni kimiminika. Spektrometa kubwa zilizotembea juu ya reli zikapima kila elektroni imechepuka kwa pembe gani na imebaki na nishati kiasi gani. Basi. Hawakuhitaji kukamata vipande vya protoni.

Kendall anashika vipimo, na utamu wote uko huko. Tafuteni grafu inayolinganisha migongano ya aina mbili. Pale protoni inapobaki nzima, mstari unaporomoka kwa kasi kadiri pigo linavyokuwa kali. Pale inapovunjika, vipimo vinakaa karibu bapa. Niliikuza grafu hiyo ikajaa skrini, nikaitazama muda mrefu. Kama chaji ya protoni ingekuwa imetandaa tu kama uji kwenye bakuli, elektroni za kuchepuka sana zingekuwa adimu mno. Zilikuwa nyingi! Ndani mlikuwa na vitu vidogo vya kugongwa. Richard Feynman alipofika Stanford Agosti 1968 aliyaeleza matokeo hayo kwa chembe alizoziita patoni.

Friedman anafunga hesabu kwa kuzilinganisha patoni hizo na kwaki, akileta na data za nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji) kutoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Kwaki zinabeba karibu nusu tu ya momenta ya protoni. Iliyobaki ni ya gluoni, chembe zinazozigandisha kwaki pamoja. Hotuba yake ni nzito, mwanafunzi asianzie hapo. Aanzie kwa Robert Hofstadter, mshindi wa 1961, aliyeonyesha kwa kurusha elektroni vilevile kwamba protoni ina ukubwa unaopimika, si nukta.

Kasoro zipo. Kila kitu ni Kiingereza, na kigumu. Kwenye simu ndogo namba za pembeni mwa grafu hazisomeki, na milinganyo haimsubiri mtu. Nyota nne kati ya tano.

Ushauri wangu: msichapishe hotuba nzima, wino utaisha bure. Chapisheni ukurasa wa ile grafu, mfunike maelezo yake, muwaulize wanafunzi kwa nini mstari mmoja umeanguka na mwingine umegoma.