Mwaka mmoja kwenye klabu ya briji: uzoefu wangu, na kabati lililonibakiza

Nilijiunga na klabu hii nikijiona fundi wa karata. Turufu naijua, kufuata aina najua, na kumkonyeza mwenzangu nikishika ree nilikuwa nimehitimu tangu utotoni. Mwaka mmoja baadaye nimebaki na hayo mawili ya kwanza. Hilo la tatu ndilo klabu nzima inalopigana nalo, na nisingelitambua kama nisingefunguliwa kabati la vitu vya zamani lililo nyuma ya meza ya mwamuzi. Kwa hiyo hapa naitathmini klabu, lakini nusu ya maneno yatakuwa ya kabati.

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji ni wanne, wawili wawili, wenza wakiketi uso kwa uso, kila mmoja na karata 13. Kabla ya karata yoyote kutupwa kuna mnada. Mnashindana kuahidi mtakula mizunguko mingapi (kila mzunguko ni karata moja kutoka kwa kila mchezaji) na kwa turufu ipi. Sita ya kwanza haihesabiwi, hivyo "pau moja" maana yake mizunguko saba. Zabuni zote zilizopo ni 35 tu, kuanzia pau moja hadi saba bila turufu, ukiongeza pasi na kule kupandishiana dau. Hiyo ndiyo lugha nzima mliyopewa ya kuelezana mna nini mkononi, na wapinzani wana haki ya kuuliza kila neno lenu lina maana gani. Mnada ukiisha, mwenza wa mwenye mkataba, yaani zabuni iliyoshinda, analaza karata zake wazi mezani na kukaa kimya. Huyo anaitwa bubu, na nakuhakikishia ububu wake ni kazi ngumu kuliko kucheza.

Mwanachama mpya anapata masomo sita, usiku mmoja wa mashindano kila wiki, na kijitabu cha historia ya klabu.

Masomo ni mazuri. Mwalimu anaanza na hesabu ambayo Milton Work aliipigia debe huko Marekani na Charles Goren akaisambaza kila mahali: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, pakiti nzima 40. Mkiwa na kama 25 ninyi wawili, jaribuni kufikia gemu, yaani mkataba mkubwa wenye zawadi ya alama. Siku ya kwanza nilitoka nikijua kuhesabu, ya tatu nikijua kuuliza maswali kwa zabuni, ya sita nikiwa nimechanganyikiwa kabisa, jambo ambalo nimeambiwa ni la kawaida.

Kijitabu, hapana. Kurasa nyingi ni orodha ya wenyeviti, makombe na picha za watu waliosimama wamekunja mikono. Kuna sentensi moja tu iliyonishtua: "Katika kipindi hiki wanachama kadhaa walituaga." Hakuna kueleza waliaga kwa nini, wala walikwenda wapi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye chama chochote anajua sentensi kama hiyo ina moshi ndani yake.

Usiku wangu wa kwanza wa mashindano ndio ulioniingiza kwenye moshi huo. Wapinzani walifika kopa tatu. Nilikuwa na karata nzuri kiasi, si nzuri vya kutosha. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikapiga pasi. Aliyefuata naye akapiga pasi, mwenzangu akatoa shupaza tatu, tukacheza tukafaulu, nikatabasamu. Papo hapo bwana wa upande wa pili akainua mkono: "Mwamuzi!" Mwamuzi akaja, akauliza nilifikiri muda gani, akatazama karata za mwenzangu, kisha akaandika matokeo kana kwamba tumewaachia kopa zao tatu. Nikahisi nimeitwa mwizi mbele ya watu. Nilikusanya vitu vyangu niondoke.

Aliyenizuia ni bibi mmoja mwenye funguo za kabati, mwanachama wa siku nyingi kuliko wote. "Kaa, mwanangu," akasema. "Hakuna aliyesema umeiba. Umesema tu."

Nikamwambia sikutoa neno.

"Ulikaa kimya muda mrefu ukapiga pasi. Mwenzako akajua una kitu. Asiye na kitu hupiga pasi haraka." Hiyo ndiyo sheria yenyewe, na ni ya dunia nzima: kufikiri ni haki yako, lakini mwenzako haruhusiwi kunufaika na kufikiri kwako. Nilikuwa nimekonyeza bila jicho.

Kisha akafungua kabati. Nyota tatu kati ya nilizowapa ni za saa ile moja.

Rafu ya juu ina madaftari ya alama ya waanzilishi, waliokuwa wanne tu, wakicheza sebuleni kwa zamu. Walichocheza kilikuwa tayari na historia ndefu. Jina halihusiani na daraja la kuvukia mto, ingawa tahajia ya Kiingereza inadanganya. Kanuni zilizochapishwa London mwaka 1886 ziliuita mchezo huo Biritch, mtoto wa mchezo wa zamani wa whist. Mnada ukaingia mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha mwaka 1925 Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani, akiwa kwenye meli Finland iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Havana kupitia Mfereji wa Panama, akawajaribisha wenzake watatu mfumo mpya wa alama: unalipwa gemu pale tu ulipoahidi gemu. Ukila mingi kuliko ulivyoahidi, ziada haikufikishi huko. Na aliyekwisha kushinda gemu moja anaadhibiwa vikali zaidi akishindwa ahadi yake. Neno la kumwita mtu huyo, kwamba yuko "hatarini", lilitolewa na msichana mmoja abiria ambaye jina lake hawakulikumbuka baadaye.

Ahadi zilipopata bei, watu wakawa wakali. Bibi alinisimulia kisa cha Kansas City cha mwaka 1929 kwa raha isiyofaa umri wake: John Bennett alishindwa kutimiza mkataba wa shupaza nne, mkewe Myrtle akamsema, mume akampiga makofi, mke akachukua bastola akamuua. Mahakama ilimwachia huru mwaka 1931. Mwaka huohuo Ely Culbertson na Sidney Lenz walianza pambano lao la raba 150 huko New York (raba ni seti inayochukuliwa na jozi ya kwanza kupata gemu mbili), magazeti yakiliripoti kama ndondi, na Culbertson akashinda kwa pointi 8,980. "Baada ya hapo," bibi akasema, "kila mji ulitaka klabu."

Rafu ya pili ndiyo yenye siri ya ile sentensi ya kijitabu. Kuna trei za bati, rangi imebabuka, kila moja na mifuko minne iliyoandikwa kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Trei hizi zilibadilisha kila kitu. Badala ya kutupa karata katikati ya meza, kila mchezaji anaziweka mbele yake, na mwisho anazirudisha mfukoni jinsi zilivyokuwa. Trei inahamia meza nyingine, na watu wengine wanacheza karata zilezile. Wazo hili ni la kale: mwaka 1857 London walilijaribu kwa whist ili kupima kama ufundi unashinda bahati, na ulishinda. Ukifanya hivyo, kushika karata mbovu si kisingizio tena. Unalinganishwa na wote waliokaa kiti chako: pointi mbili kwa kila jozi uliyoizidi, moja kwa sare.

Nusu ya wanachama waliuchukia utaratibu huo. Walitaka raba yao ya jioni, bahati ikizunguka, vicheko, alama kwenye daftari. Wengine walitaka haki. Kwa mujibu wa bibi, mkutano mmoja ulidumu hadi usiku wa manane, na waliotaka raba wakaondoka na meza mbili. Yeye alibaki, lakini anakiri aliwapenda wale walioondoka kuliko waliobaki. Hili lilistahili sura nzima kwenye kijitabu. Wakaliandikia maneno sita.

Halafu visanduku vya zabuni. Nilidhani vimekuwepo siku zote: vikadi vya rangi, unachomoa "kopa moja" na kukiweka mezani bila kufungua mdomo. Kumbe vilibuniwa Uswidi miaka ya 1960, na kabla yake watu walitamka. Bibi akaniigizia. "Kopa moja" ya mtu mwenye karata nono, kifua mbele. "Kopa moja" ya anayeomba radhi. "Kopa... moja" ya anayesema tafadhali usiendelee. Neno moja, barua tatu. Nilicheka hadi meza ya jirani wakatuambia shsh.

Palikuwa pia na kipande cha mbao chenye kidirisha chini, ambacho klabu ilikitumia fainali moja tu kisha ikakisahau. Ni kiwambo cha kumkinga mwenza asimwone mwenzake. Kwenye ubingwa wa dunia, Bermuda Bowl, viwambo vilianza kutumika mwaka 1975, na mashindano hayohayo wachezaji wawili wakakemewa kwa mambo ya miguu chini ya meza. Wakazibwa na huko chini. Ukiziba jicho, mguu unajifunza kusema.

Kipenzi changu ni pakiti ya karata iliyochakaa, imefungwa kwa utepe wa mpira. Zamani mlichanga wenyewe mezani. Tatizo, karata zinapokusanywa baada ya mchezo zinakuwa zimeshikamana nne nne za aina moja, na watu wavivu huchanga mara mbili tatu tu. Matokeo yake kila mtu anapata mgao wa wastani: nne, tatu, tatu, tatu. Wataalamu wa hisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba pakiti ya karata 52 inahitaji kuchangwa kama mara saba kabla haijachanganyika vizuri. Klabu ilipoanza kutumia karata zilizopangwa na kompyuta, wazee walilalamika kwamba mashine ina wazimu: mtu anapata shupaza saba, mwingine hana uru hata moja. Mashine ilikuwa sahihi. Mikono yao ndiyo iliyokuwa imewadanganya maisha yote. Kati ya mikono 635,013,559,600 inayowezekana, walikuwa wamezoea ile ya upole.

Mwaka 2020 milango ilifungwa, klabu ikahamia kwenye Bridge Base Online, tovuti iliyokuwepo tangu 2001. Bibi aliichezea kutoka jikoni kwake na anaisifu kwa shingo upande: huwezi kutoa karata isiyofuata aina, huwezi kupiga zabuni nje ya zamu. Lakini baadhi ya wanachama hawakurudi mezani milango ilipofunguliwa, na usiku wa wiki sasa una meza chache kuliko zinazoonekana kwenye picha za ukutani.

Sasa malalamiko, maana siwezi kuwasifia tu. La kwanza ni viti. Kwa utaratibu wa Mitchell tunaoutumia meza zikitosha, jozi za kaskazini na kusini hukaa, za mashariki na magharibi huhama meza kila raundi, na trei huhama upande wa pili. Wazee wamezimiliki kaskazini na kusini kana kwamba wamerithi. Magoti yao nayaheshimu, lakini wapo wenye umri wangu waliokita mizizi humo pia.

La pili ni mihadhara baada ya kila trei. Umeshindwa mkataba, umejua umeshindwa wapi, bado bwana mmoja anakueleza ungetoa malkia wa pau. Mwamuzi anapaswa kuwanyamazisha na hawanyamazishi. La tatu, ukija bila mwenza unaweza kurudi nyumbani hujacheza. Wanasema wanakutafutia, mara mbili hawakunitafutia.

Na masomo sita hayana hata robo saa kuhusu kufikiri kwa mwendo mmoja. Wangetufundisha hilo mapema nisingekaribia kuondoka usiku ule. Nimependekeza. Wamesema watalijadili kwenye kikao.

Nani aje hapa? Anayependa kuchoka akili na kuvumilia kukosolewa. Anayetafuta karata za kupitisha muda atapata shida, kama waliotaka raba walivyopata. Ukija, usiende moja kwa moja mezani. Mtafute bibi mwenye funguo, mwombe akuonyeshe trei za bati, na umwombe akuigizie zile "kopa moja" za aina tatu.

Nimetoa nyota nne. Ya tano naiweka mfukoni hadi kijitabu kitakapochapishwa upya na sura ya mgawanyiko ndani yake, au hadi nitakapopata kiti cha kaskazini, lolote litakalotangulia.