Mashine ya kurekodi gemu Mombasa: anza na kadi, si prosesa

Ingia duka la kompyuta Moi Avenue useme unataka mashine ya kurekodi gemu, na muuzaji atakutolea i7 akuhesabie kori zake. Mwache amalize, kisha muulize ina kadi gani ya grafiki. Prosesa tayari imebeba gemu. Ukiitwika na kubana video, picha itakwamakwama. Kazi hiyo ni ya enkoda, sehemu maalumu ndani ya kadi, na si kila kadi inayo. GT 1030, RX 6400 na RX 6500 XT hazina. Usizichukue hata upunguziwe bei.

1. Tower ya kawaida na GTX 1660 Super. Hii ndiyo chaguo letu. Inarekodi 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde na gemu halihisi. Iwekee pawasaplai ya wati 450 kwenda juu, yenye waya wa pini 8. Makosa makubwa hufanyika hapa: kadi inatiwa kwenye Dell au HP ya ofisi isiyo na waya huo, fundi anaunga adapta kutoka plagi ya SATA. Plagi ile hubeba wati 54 tu, na kadi inakula hadi 125. Plastiki huyeyuka, na harufu utaisikia kabla ya moshi.

2. Mashine nyembamba ya mtumba (OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP) na GTX 1650 fupi. Chukua yenye i5 ya kizazi cha 8. Tafuta 1650 isiyo na tundu la umeme: inajitosheleza na wati 75 za sloti yake. Enkoda yake ni ya zamani kidogo kuliko ya 1660, ila kwa 1080p jicho halitofautishi. Dai pia kile kibati kifupi cha nyuma, maana bila hicho kava halifungi.

3. Intel bila kadi. Prosesa nyingi za Intel zina enkoda ya Quick Sync, lakini zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F, hazina. Inafaa gemu nyepesi tu. Nunua RAM mbili za 8GB, si moja ya 16GB. Grafiki ya ndani inakopa RAM, na mbili huipa njia pana zaidi.

Wenye PS5 wasikimbilie kununua kifaa cha kunasa picha. PS5 yenyewe hurekodi hadi saa nzima. Ukikihitaji, zima HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, kwenye mipangilio ya PS5, la sivyo utarekodi giza. Na vile vidogo vya USB vya bei rahisi vilivyoandikwa 4K, vingi hupokea 4K lakini hurekodi 1080p kwa fremu 30.

Kabla ya kutoa pesa, omba kava lifunguliwe. Mashine iliyokaa karibu na bahari utaijua kwa kutu kwenye skrubu na unga mweupe kwenye mapezi ya kipoza joto, hiyo iache. Kisha fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi: kadi iliyobadilishwa jina mara nyingi huandikiwa FAKE mbele ya jina. Mwisho rekodi kwa OBS, programu ya bure ya kurekodi skrini, dakika 20, enkoda ikiwa NVENC (ndiyo ya kadi za NVIDIA kama GTX), huku ukiangalia joto. Ikikaribia nyuzi 83 ndani ya duka lenye AC, kwenye joto la Februari chumbani kwako itapunguza mwendo yenyewe. Dirisha la takwimu la OBS likionyesha fremu zilizokosekana kwa uchoraji, kosa si la enkoda: kadi imelemewa na gemu, lifungie kwenye fremu 60.

Diski isikutie gharama. Video ya megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 tu, yaani 18GB kwa saa, na hata HDD ya kawaida inaimudu. Windows na gemu ziwe kwenye SSD, rekodi ziende HDD ya 1TB.

Baki ni stima. Rekodi kwa faili ya aina ya MKV, si MP4 ya kawaida, kwa sababu umeme ukikatika MP4 hiyo kwa kawaida haifunguki tena, ilhali MKV hupoteza sekunde za mwisho tu. OBS yenyewe itaigeuza kuwa MP4 baadaye. UPS ya 650VA inakupa dakika chache za kusimamisha rekodi na kuzima. Iweke sakafuni mbali na dirisha la jua; betri yake ya risasi hufa mapema kwa joto.