Intaneti ya waya wa simu inasuasua kijijini? Anza kununua hapa

Kama uko Machame, Kibosho, Marangu au juu ya Usa River, na intaneti yako bado inapita kwenye waya wa shaba wa simu ya mezani, usishuke mjini kununua chochote kabla ya kipimo kimoja. Unganisha kompyuta na modemu kwa kebo, achana na Wi-Fi, kisha pima kasi. Ikiwa kwa kebo inakwenda vizuri, tatizo ni Wi-Fi ya ndani na laini haina kosa. Ikiwa bado inasuasua, fungua ukurasa wa modemu kwenye kivinjari, anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1, usome atenyuesheni: kiasi cha mawimbi kinachopotea njiani, kwa dB (desibeli).

Namba hiyo ndiyo iliyopanga orodha yangu ya vya kununua. ADSL, yaani hiyo intaneti ya waya wa simu, hupoteza takriban dB 14 kwa kila kilomita ya shaba, na ukipita kilomita tano hivi kutoka kituo cha simu huwezi kubaki na kitu cha maana. Umbali wenyewe ni wa waya, si wa macho. Huku mlimani jirani wa ng'ambo ya korongo mnasalimiana kwa sauti, lakini waya wake unashuka hadi barabarani, unavuka daraja, ndipo unapanda tena.

Ya kwanza: filta na waya wa ndani. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote hapa, na ndivyo watu wanavyoviruka. Sauti ya simu hukaa chini ya kHz 4, data huanza karibu kHz 25, na filta ndiyo inayozitenganisha. Kila simu iliyochomekwa inahitaji yake, hata ile ya chumbani kwa bibi isiyopigwa tena. Dalili ni mtandao kukatika simu inapoita. Kisha chomoa kila kitu, uweke modemu kwenye tundu la kwanza, pale laini inapoingia nyumbani. Kasi ikipanda, mwizi ni ule waya bapa uliozungushwa vyumbani na kuungwa kwa tepu. Iache modemu hapohapo, nunua kebo ya LAN ya kuifikisha intaneti ofisini au sebuleni. Lakini ukisikia simu inakwaruza, na mvua ikinyesha inazidi, kiungo kimeoza huko nje kwenye nguzo. Hiyo ni kazi ya kampuni ya simu. Hakuna cha dukani kitakachoiponya.

Ya pili: ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje. Atenyuesheni ikizidi dB 55, anzia hapa, usiitupie shaba hata shilingi. Kabla ya kununua, panda na simu mahali pa juu panapotazama tambarare, ujaribu laini za mitandao mbalimbali, tena saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Mchana hudanganya. Masafa ya MHz 700 na 800 hufika mbali na kupenya migomba na miti kuliko ya 1800 au 2300, kwa hiyo hakikisha ruta inayapokea. Chagua ambayo haijafungiwa mtandao mmoja na iliyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Kebo ya antena iwe fupi, maana nayo hula mawimbi.

Faiba sijaipa namba. Ikiwa imefika kwenye nguzo ya getini kwako, chukua, mjadala umeisha. Ikiwa "inakuja", endelea na orodha.

Ya tatu: modemu mpya ya ADSL2+, toleo la ADSL lenye kasi zaidi. Inafaa tu ikiwa uko ndani ya kilomita mbili au tatu na ya zamani haina teknolojia hiyo. Mbps 24 zilizoandikwa kwenye boksi ni za mtu anayeishi jirani na kituo.

Ya mwisho: ripita ya Wi-Fi. Muuzaji atakwambia, "Chukua hii kaka, inavuta mtandao." Haivuti. Inasambaza kilekile kilichoingia, na mara nyingi inakipunguza. Inunue tu kwa nyumba yenye kuta nene au yenye vyumba vya uani.

Chochote utakachochagua, ongeza UPS ndogo (betri ya akiba) inayolingana na volti za kifaa chako, nyingi zikiwa 12, kwa ajili ya umeme kukatika. Haizuii radi, kwa hiyo masika yakianza, chomoa waya wa umeme pamoja na ule wa simu. Wengi huchomoa wa umeme tu, radi ikaingilia kwa ule mwingine.