Uzoefu wangu: mafunzo ya uhudumu wa mifugo kijijini, Butere

Nikiulizwa kama mafunzo haya yanafaa, nitajibu kuwa yanafaa, na zaidi kwa upande wa kuku. Mbuzi utajifunza mambo kadhaa mazuri, ng'ombe utajifunza kumwita daktari. Kuku ndio utakaowahudumia mwenyewe na kijiji kikaona.

Huku kwetu Kakamega mgeni hajapokewa mpaka achinjiwe kuku, lakini kideri kikiingia bomani kinafagia wote, majogoo hadi vifaranga. Wanaharisha kijani, shingo zinapinda, basi. Dawa ya kukitibu hakuna, kuna chanjo tu, tena itangulie ugonjwa. Tulifundishwa ile ya I-2 ya kudondosha jichoni, ambayo inastahimili joto kuliko nyingi za zamani, ingawa jua hailitaki kabisa. Tone moja katika jicho moja, unangoja kuku apepese ndipo umwachilie, kisha unarudia baada ya miezi mitatu au minne. Kazi iko kwenye kuwakamata. Usipofika alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, utawafukuza hadi ndani ya miwa ya watu.

Kwa mbuzi na kondoo, kilichonifurahisha ni kufunua ukope. Ndani pakiwa pekundu, mnyama yuko sawa. Pakiwa peupe, mara nyingi ni minyoo ya tumboni inayonyonya damu. Halafu unapima kifua kwa utepe ili ujue uzito kabla ya kumnywesha dawa, kwa sababu dawa pungufu haiui minyoo yote, na inayobaki huzaa minyoo sugu. Mwalimu alitukataza vikali kumwinua mbuzi kichwa wakati wa kumnywesha, maana dawa inaweza kuingia mapafuni. Sote tulikuwa tumezoea kuwainua hivyo, na hakuna aliyebisha.

Ng'ombe ndiye aliyeleta ubishi darasani. Tulionyeshwa dalili za Isti Kosti, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe: tezi iliyovimba chini ya sikio, kupe masikioni, joto linalopita 40 wakati la kawaida ni 38 hadi 39 na nusu. Ukiona hivyo unapiga simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu husaidia yakianza mapema. Mnyama akifa ghafla na kutokwa damu nyeusi isiyoganda, hapasuliwi wala nyama haigawanywi, kwa sababu huenda ni kimeta, na kimeta huua watu pia. Wenzangu walitaka wafundishwe sindano. Mwalimu akakataa, akataja sheria ya 2011 inayotaka anayetoa huduma za udaktari wa mifugo awe amesomea na kusajiliwa na bodi. Wengine walinuna. Mimi namuunga mkono: mtu wa mafunzo mafupi kama mimi akipewa antibayotiki, atadunga kila ng'ombe anayekohoa, na maziwa yenye dawa yatanywewa na watoto wa jirani.

Yaliyonikera yapo. Tulipewa kisanduku chenye kipimajoto, kisu cha kwato na dawa ya vidonda. Dawa ilipoisha ikawa imeisha, kila mtu na agroveti yake. Fomu za kumbukumbu zilikuwa za Kiingereza, na nusu ya kina mama niliosoma nao hawakuzijaza. Chanjo nayo huja katika chupa ya kuku wengi, na ukishaifungua haikai, kwa hiyo lazima uandikishe maboma kadhaa ya asubuhi moja. Hilo tuliligundua kazini.

Na malipo! Somo la biashara lilikuwa maneno ya jioni moja tu. Hakuna aliyetuambia namna ya kumdai jirani shilingi 10 kwa kuku. Mzee mmoja wa hapa aliniuliza, "Mama, udaktari huu umeanza lini?" Nikamchanjia bure. Kideri kilipopita vijiji vya karibu na kuku wake wakabaki, alianza kulipa bila kuulizwa, na siku hizi ananikumbusha tarehe.

Ukipata nafasi ya kwenda, vaa mabuti ya mpira na nguo isiyoogopa kinyesi. Kabla hujaweka sahihi, waulize wenye mafunzo chanjo na dawa utazipata wapi, na kwa bei gani, wao wakishaondoka.